Ulimi Uliofunzwa: Guizhou na Historia ya Kuizoea Pilipili

Mtu wa Sichuan, Hunan au Guizhou akila bakuli la tambi lililojaa mafuta mekundu bila kushtuka, wanaomtazama husema kazaliwa hivyo. Wanasema kwa kustaajabu, lakini ndani ya kauli yao mna nadharia nzima: kwamba kustahimili ukali ni jambo la damu, au la hewa ya nchi, au la tabia ya kabila. Historia haikubaliani nao. Kabla ya Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492, hapakuwa na mche hata mmoja wa pilipili hii nje ya Amerika. Watu wa Mexico na wa milima ya Andes walikuwa wameilima kwa maelfu ya miaka, ilhali Wachina, Wahindi, Wathai na Wakorea walikuwa hawajapata kuionja. Kila ulimi wa Asia unaosifiwa leo kwa kuhimili moto huo ulianza ukiwa mgeni, kisha ukafunzwa. Ninachoshikilia ni kwamba mafunzo hayo yalikwenda kidogo kidogo, yakaanzia kwa watu waliobanwa na haja, na kwamba njia waliyopita watu wa majimbo mazima kwa karne mbili haitofautiani sana na ile anayopita mtoto mmoja katika chakula cha kwao. China ya kusini-magharibi inafaa kuliko mahali pengine pa kuipimia hoja hii, maana maofisa wake walikuwa na desturi ya kuandika kila kilichoota, kilichouzwa na kilicholiwa katika wilaya zao, na maandishi hayo yana tarehe.

Maandishi ya kwanza yanayojulikana ya Kichina kuhusu pilipili yalitoka mwaka 1591. Mwandishi wake, Gao Lian, alikuwa mtu wa Hangzhou, karibu na bahari ya mashariki, na kitabu chake kilihusu namna ya kuishi kwa afya na utulivu. Alitaja maua meupe ya mmea huo, matunda yake yanayofanana na ncha ya brashi kuukuu ya kuandikia, ladha yake kali na wekundu wake unaopendeza macho. Aliitia katika orodha ya mimea ya kutazamwa bustanini. Miaka mitano baadaye kilichapishwa kitabu kikubwa cha dawa cha Li Shizhen, chenye maelezo ya vitu 1,892, na pilipili hii haimo. Mtu aliyetumia miongo ya maisha yake kuuliza wakulima, wawindaji na waganga juu ya kila jani hakuona sababu ya kuiandika, au hakuijua kabisa. Ilibidi kungoja hadi 1765, Zhao Xuemin alipoandika nyongeza ya kitabu hicho, ndipo ikapewa mahali pake. Kwa hiyo pwani ya China ilikuwa na pilipili, iliiona, iliisifia rangi, na kwa muda mrefu haikuifanya kuwa chakula cha kila siku. Jambo hili ni la kuzingatia, kwa sababu linatuonyesha kwamba mmea kufika si sawa na mmea kuliwa. Zhejiang, jimbo la Gao Lian, hadi leo linajulikana kwa mapishi matamu na mapole. Wa kwanza kuipokea pilipili hawakuwa wa kwanza kuizoea.

Walioizoea walikuwa mbali na bahari. Kitabu cha habari za wilaya ya Sizhou, mashariki mwa Guizhou, kilichoandikwa mwaka 1722, kina maneno machache tu juu yake, nayo ndiyo yenye uzito kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu pilipili nchini China katika zama zile: kwamba wenyeji na watu wa kabila la Wamiao waliitumia badala ya chumvi. Guizhou ni nchi ya milima ya chokaa isiyo na visima vya maji ya chumvi, wala haina bahari. Chumvi yake ilitoka Sichuan, ikapandishwa kwa mashua katika mito ya Wujiang na Chishui, kisha ikabebwa migongoni mwa wachukuzi kwenye njia za miamba. Serikali ilihodhi biashara hiyo, wafanyabiashara wenye vibali wakatia faida yao, na kila mlima uliopandwa uliongeza bei. Masimulizi ya watu wa Guizhou yanataja bonge la chumvi lililofungwa uzi, likachovywa mara moja kwenye mchuzi na kutolewa haraka ili litumike tena kesho. Katika nyumba ya namna hiyo, tatizo la kila siku lilikuwa kumeza wanga usio na ladha. Katika karne ya 18 wanga huo ulizidi kuwa mahindi, zao jingine la Amerika lililopanda milimani pamoja na wakulima waliotafuta ardhi, na mahindi yaliyosagwa kwa jiwe ni makavu kooni. Pilipili haiupi mwili madini ya chumvi, na hakuna aliyedanganyika kuhusu hilo. Inachofanya ni kuuamsha mdomo: mate yanatoka, pua inafunguka, na tonge lililokuwa linakwama linashuka. Mche wake unaota kwenye mteremko mbovu nyuma ya nyumba, hautozwi ushuru, na tunda lake likikaushwa darini hukaa mwaka mzima. Mtu asiye na fedha ya chumvi alikuwa na kila sababu ya kuvumilia kuungua mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi.

Hata hivyo haja peke yake haifundishi ulimi. Mwenye njaa anaweza kulazimika kula kitu kwa miaka na bado akakichukia. Kilichowasaidia watu wa kusini-magharibi ni kwamba pilipili haikuwakuta wakiwa watupu. Chang Qu, mwanahistoria wa karne ya 4, alikwisha kuandika kuwa watu wa Shu, yaani Sichuan ya kale, wanathamini ladha na wanapenda vitu vikali vyenye harufu. Vitu hivyo vilikuwa tangawizi, punje za huajiao zinazotia ulimi ganzi, na tunda chungu-kali la mti uitwao zhuyu. Zhuyu ndiye aliyempisha mgeni: polepole pilipili ikachukua nafasi yake katika kinu na katika mtungi, mpaka leo wapishi wengi wa Kichina hawajui kwamba mti huo ulikuwa kiungo. Midomo iliyokwisha kuzoea ukali wa aina moja ilihitaji hatua fupi tu kuufikia ukali mwingine. Hatua nyingine zilijengwa jikoni. Ukipita katika mapishi ya Guizhou utaona pilipili moja ikigeuzwa kwa njia nyingi ajabu: huchomwa kwenye majivu mpaka ngozi inapata harufu ya moshi kisha ikasagwa, hulowekwa na kutwangwa pamoja na tangawizi na kitunguu saumu hadi iwe rojo, huchachushwa mtungini kwa majuma, hukaangwa katika mafuta ambayo huchukua rangi na harufu. Kuna pia mchuzi mchachu wa Wamiao, na uchachu nao ni njia ya zamani ya kuficha upungufu wa chumvi. Kila njia kati ya hizo inabadili namna ukali unavyoufikia ulimi. Kapsaisini, ile dutu inayochoma, huyeyuka katika mafuta na haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo mpishi anayeikaanga anaisambaza badala ya kuiacha ipige mahali pamoja. Kwa macho yangu, mitungi na vinu hivyo vilikuwa ndiyo shule yenyewe. Mtoto alianza na mchuzi uliopitiwa na pilipili, akaja kwenye rojo iliyochachushwa, na siku moja akauma tunda lenyewe.

Hapa sayansi ya karne iliyopita inatusaidia kuelewa walichokuwa wakifanya bila kukipa jina. Katika miaka ya 1940, Miklós Jancsó wa Szeged, mji wa Hungaria uliostawi kwa biashara ya paprika, aliona kuwa mishipa ya fahamu inayopata kapsaisini kwa kurudiarudia hupoteza makali yake ya kuhisi maumivu. Mwaka 1997 kundi la David Julius lilikitambua kipokezi kinachohusika, TRPV1, ambacho hufunguka pia kwa joto la kuanzia nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana ulimi unatoa habari ya kuungua ingawa hakuna kilichoungua. Kazi hiyo ilimpatia Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Barry Green naye alionyesha mwaka 1989 kwamba mpangilio wa muda una nguvu yake: tone baada ya tone bila mapumziko huongeza mwako, lakini ukipumzika kidogo kisha ukarudi, ulimi unakupokea kwa upole zaidi. Anayejitupa kwenye sahani kali siku moja kwa ushujaa atashindwa, na anayekula kiasi kila siku atafika. Mlo wa nyumbani, wenye kiasi kidogo asubuhi na jioni mwaka baada ya mwaka, unafuata mpangilio huo wenyewe.

Lakini ganzi hiyo ya mishipa haielezi yote, na hapa nadhani wengi wanaoandika juu ya kuzoea pilipili wanakosea. Wanazungumza kana kwamba mzoefu hahisi tena. Mwaka 1980 Paul Rozin na Deborah Schiller walichapisha utafiti uliofanywa katika kijiji cha nyanda za juu za Oaxaca, Mexico, na miongoni mwa wanafunzi wa Marekani. Walipopima kiwango cha chini cha ukali ambacho mtu anaweza kukitambua, tofauti kati ya walaji wakubwa wa pilipili na walaji wadogo ilikuwa ndogo. Mzoefu anahisi moto karibu sawa na mgeni, ila ameupenda. Pale kijijini, watoto wadogo walipewa chakula chenye pilipili kidogo, kiasi kikaongezwa taratibu, na aliyekataa hakushurutishwa. Kufikia umri wa miaka 5 hadi 8 walikuwa wakijitilia wenyewe. Mbwa na nguruwe wa kijiji kile kile, waliokula makombo yenye pilipili maisha yao yote, walipopewa kuchagua walianza na kipande kisicho na ukali. Wanyama walipata mazoea ya mdomo lakini hawakupata kitu kingine, yaani kula pamoja na wakubwa wanaofurahia, kutamani kufanana nao, na kugundua kwamba maumivu haya hayaumizi. Msemo wa samaki mkunje angali mbichi unakubaliana na sehemu tu ya ushahidi huu, kwa sababu watoto wa Oaxaca hawakukunjwa na mtu. Walisogea wenyewe kuelekea kile walichowaona wazazi wao wakikipenda.

Sasa pana pingamizi la kwanza, nalo ni la hali ya hewa. Wachina wenyewe hulitaja kila mara: kusini-magharibi kuna unyevu na ukungu, na tiba ya jadi inafundisha kuwa pilipili huutoa unyevu mwilini kwa jasho. Maelezo hayo ni ya kuheshimiwa kama imani inayowapa watu sababu ya kula, na bila shaka yaliwarahisishia wengi kuikubali pilipili, ila kama chanzo hayasimami. Guangdong inapakana na Hunan, ina joto zaidi na unyevu mwingi, nayo tiba yake ya jadi huogopa unyevu vilevile. Bado mapishi yake yanasifika kwa ulaini, na mtu wa Guangzhou akihisi mwili umechemka hukimbilia chai chungu ya mitishamba. Pwani ya Afrika Mashariki nayo inashuhudia hivyo. Pilipili ilifika huku kwa bahari, kwa mkono wa Wareno, Unguja na Mombasa zikawa na pilipili ya kuuza nje katika karne ya 19, na joto halikukosekana; lakini katika nyumba nyingi za Waswahili ukali hukaa kando, katika kisahani cha achari au cha pilipili ya ndimu, na kila mlaji hujipakulia awezacho. Wapo wataalamu waliolipa pingamizi hili sura ya kisayansi. Paul Sherman na Jennifer Billing walidai mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwa nchi za joto hutumia viungo zaidi kwa sababu viungo huua vijidudu vya chakula. Mwaka 2021 Lindell Bromham na wenzake waliichunguza hoja hiyo upya kwa mapishi 33,750 kutoka mila 70 za upishi, wakaona kwamba joto la nchi halielezi tofauti hizo. Nakubaliana nao, na nadhani Guangdong peke yake ingetosha kututia shaka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linanihusu mimi niliyeegemea chumvi. Ikiwa ukosefu wa chumvi ndio ulioifundisha Guizhou, mbona Sichuan, yenye visima vya Zigong vilivyolisha chumvi majimbo jirani, imekuwa kinara wa ukali duniani? Jibu limo katika tarehe. Hunan inaitaja pilipili mwaka 1684, na Sichuan inaonekana katika maandishi mwaka 1749 tu, baada ya Guizhou. Kabla ya hapo Sichuan ilikuwa imepitia msiba mkubwa. Vita vya miaka ya 1640, pamoja na mauaji ya jeshi la mkuu wa waasi Zhang Xianzhong, njaa na maradhi, viliacha wilaya nzima bila watu, na nasaba ya Qing ikawahimiza wakulima wa Hunan, Hubei na kwingineko wahamie huko kwa vizazi kadhaa. Wahamiaji hawabebi chungu na jembe peke yake. Walikuja na mbegu na midomo iliyokwisha kuanza kuzoea, wakaingia katika nchi iliyokuwa na huajiao na mapenzi ya kale ya ukali. Kwa hiyo chumvi inaeleza mwanzo wa jambo, na haina haja ya kulieleza jimbo zima. Kuenea kulitokana na watu kuhama, na kubaki kulitokana na upenzi ambao, kama watoto wa Oaxaca wanavyoonyesha, ukishashika hauhitaji tena ile dhiki iliyouanzisha. Wu Qijun, ofisa na mtaalamu wa mimea ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1848, aliikuta pilipili ikilimwa kama mboga katika Jiangxi, Hunan, Guizhou na Sichuan. Kutoka ua la Gao Lian hadi mboga ya Wu Qijun ni miaka 257. Kwa jumuiya ya watu huo ni muda mfupi, hautoshi kabisa kwa damu kubadilika.

Wapo pia wanaolieleza jambo hili kwa tabia ya watu. Mwandishi wa Marekani Edgar Snow, aliyekutana na Mao Zedong mwaka 1936, alisimulia kwamba Mao, mtoto wa wakulima wa Hunan, alipenda kutoa nadharia mezani kuwa wapenda pilipili ndio wanamapinduzi. Akataja Hunan yake, Hispania, Mexico, Urusi na Ufaransa, mpaka mtu mmoja alipowataja Waitaliano, wapenzi wakubwa wa pilipili nyekundu na kitunguu saumu, naye akakubali kwa kicheko kwamba ameshindwa. Sina haja ya kuongeza kitu hapo. Pingamizi la jeni linastahili uangalifu zaidi. Utafiti wa mapacha wa Finland uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa jeni huchangia kati ya asilimia 18 na 58 ya tofauti za watu katika kupenda ukali. Hilo nalikubali bila kinyongo: katika nyumba moja ya Guiyang, mji wa Guizhou, wapo ndugu wawili, mmoja anahemewa na mwingine anaongeza kijiko. Ila utafiti wa namna hiyo unapima tofauti kati ya watu waliolelewa katika jamii moja. Hauwezi kueleza kwa nini wajukuu wa watu wasiokula pilipili kabisa waliishia kuila kila siku, kwa maana jeni za ukoo hazikubadilika kati ya babu na mjukuu.

Jambo moja zaidi lilichelewesha mafunzo haya, nalo halikuwa mdomoni. Pilipili ilinuka umaskini. Ilikuwa chakula cha mchukuzi, cha mtu wa mlimani, cha mpiga makasia wa Chongqing aliyechemsha matumbo ya ng'ombe katika sufuria la moto karibu na mto, na wenye mali waliendelea kwa muda mrefu kuandaa karamu ambazo ukali haukuthubutu kuziingia. Mapishi ya karamu ya Chengdu, hata yale ya karne ya 20, yana vyakula vingi visivyo na pilipili kabisa, na mgeni anayedhani kila sahani ya Sichuan inachoma anakosa nusu ya utajiri wake. Mwenye fedha za chumvi, nyama na mchuzi wa kuku hakuwa na sababu ya kuvumilia majuma yale ya kwanza ya machozi. Alijifunza baadaye, ukali ulipokwisha kupata heshima, na alijifunza kwa kuanzia juu, kwenye mapishi yaliyokwisha kulainishwa na wapishi wa mitaani kwa vizazi.

Tangu miaka ya 1980 somo hili limekuwa likirudiwa mbele ya macho yetu, na kwa kasi ambayo maofisa wa Sizhou wasingeiamini. Mamilioni ya vijana wa Sichuan, Hunan na Guizhou walishuka kwenda kufanya kazi katika viwanda vya Shenzhen, Dongguan na Guangzhou, wakaja na mitungi yao, na wapishi wakawafuata. Kwanza mikahawa ile iliwalisha wao kwa wao. Kisha wenyeji wa Guangdong, watu wa supu nyepesi na samaki wa mvuke, wakaanza kuingia na wafanyakazi wenzao, wakaagiza kiwango cha chini kabisa cha ukali, wakarudi juma lililofuata. Leo kijana wa Guangzhou aliyekulia kwenye uji laini anaweza kukaa na rafiki zake kwenye sufuria nyekundu ya Chongqing, huku bibi yake akishindwa hata kuinusa. Hali ya hewa ya Guangzhou haijabadilika, chumvi iko tele kila duka, na bibi na mjukuu ni damu moja. Kilichobadilika ni watu wanaokaa na mjukuu mezani.